Simu ya Marehemu Babu: Imetoka Wapi, na Ina Thamani Gani?

SWALI

Mheshimiwa Mhariri,

Marehemu babu yangu, ambaye sisi nyumbani tulimwita jajja, alifariki dunia mwaka jana hapa Walukuba, Jinja, na vitu vyake vilipogawanywa mimi nilipewa simu ya mezani iliyokuwa juu ya kabati lake tangu nilipokuwa mtoto. Ni nyeusi, nzito, ina diski ya kuzungusha yenye tarakimu tupu bila herufi, waya wa mkonga wake umefunikwa kwa uzi wa kahawia uliosukwa, na upande wa mbele, chini kabisa, kuna droo nyembamba inayovutwa. Upande wa ndani wa mkonga kumegongwa namba 164 na karibu yake 55. Chini ya simu kuna herufi E.A.P. & T. kwa rangi nyeupe iliyofifia, na katikati ya diski kuna karatasi ya mviringo iliyoandikwa JINJA pamoja na namba ambayo sasa haisomeki vizuri.

Mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Kampala ameniahidi shilingi 60,000. Binamu yangu anashikilia kwamba simu kama hii huuzwa kwa mamilioni. Mjomba naye ananihimiza niipake rangi upya ing'ae, ndipo niiuze. Naomba mnieleze ilitengenezwa wapi na lini, ina thamani gani, na kama inaweza kufanya kazi tena.

Mjukuu, Walukuba, Jinja

JIBU

Ndugu Mjukuu, pole kwa msiba, na asante kwa kuieleza simu hiyo kwa uangalifu mkubwa, kwa maana maelezo yako yametuwezesha kujibu mengi bila kuiona. Kabla ya yote, tunakuomba usiipake rangi, usiisugue, wala usimpe mtu yeyote aisafishe mpaka utakapomaliza kusoma jibu hili, kwa sababu alama ulizozitaja ndizo zinazobeba historia yake, na ndizo hizo hizo zinazobeba sehemu kubwa ya bei yake.

Umbo unalolieleza ni la simu zilizojulikana Uingereza kama mfululizo wa 300, ambazo Posta ya nchi hiyo, iliyokuwa ikisimamia simu zote za umma isipokuwa mahali pachache, ilianza kuzitoa mwaka 1937. Asili ya umbo hilo si Uingereza bali Norway, ambako msanii Jean Heiberg alilichora mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya kampuni zilizohusiana na Ericsson ya Sweden, na likapendwa kiasi kwamba viwanda vya nchi nyingi vililifuata. Simu za mezani zilizotangulia Uingereza zilihitaji kisanduku cha pembeni chenye kengele, ambacho kiliwekwa ukutani au kufungwa chini ya simu. Ubora wa hizi mpya ulikuwa kwamba kengele na vifaa vyote viliingia ndani ya mwili mmoja, na ndiyo maana simu yako ni nene na nzito namna hiyo. Ile droo ilikuwa na kadi ya kuandikia namba za watu unaowapigia mara kwa mara. Ivute taratibu uone kama kadi bado imo, maana kadi yenye mwandiko wa babu yako, au hata wa mtu aliyeitumia simu hiyo kabla yake, ni hati ya kihistoria kwa haki yake yenyewe.

Namba 164 ni jina la aina ya mkonga, na tarakimu mbili zinazoifuata ni mwaka. Kwa hiyo mkonga wako ulitengenezwa mwaka 1955. Nasema mkonga, sisemi simu nzima, kwa sababu simu hizi hazikuwa mali ya mteja bali zilikodishwa, na kila ziliporudishwa karakana mafundi walizifungua, wakabadilisha kilichoharibika na kuzitoa tena kwa mteja mwingine. Si jambo la ajabu kukuta mkonga wa mwaka mmoja, diski ya mwaka mwingine na mwili wa mwaka wa tatu, na hilo halipunguzi heshima ya simu. Linaonyesha tu kwamba ilifanya kazi. Diski nayo kwa kawaida hugongwa mwaka wake upande wa nyuma, lakini ili kuuona ni lazima ufungue skrubu za chini, kazi ambayo ningependa uifanye mbele ya fundi mtulivu na baada ya kuipiga simu picha za kutosha kila upande. Karibu na tarakimu hizo, au chini ya mwili, tafuta pia herufi ndogo au nembo ya kiwanda. Waliotengeneza simu za aina hii ni pamoja na Ericsson waliokuwa Beeston karibu na Nottingham, Siemens Brothers wa Woolwich katika London, na General Electric wa Coventry, na viwanda hivi viliuza vifaa vyao katika makoloni yote ya Kiingereza.

Sasa tuje kwenye herufi zilizonifurahisha kuliko zote, E.A.P. & T. Hizi ni za Posta na Simu ya Afrika Mashariki, iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Mwaka 1955 ilikuwa idara chini ya Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1948, na baada ya mkataba wa jumuiya wa mwaka 1967 ikawa shirika kamili lenye makao makuu hapa hapa Kampala, wakati reli ilibaki Nairobi na bandari zikaenda Dar es Salaam. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilichukua sehemu yake, na Uganda ikawa na shirika lake la posta na simu, ambalo nalo liligawanywa kwa sheria ya mawasiliano ya mwaka 1997. Hii ina maana kwamba alama iliyo chini ya simu yako haikuwekwa baada ya 1977, na kwamba kifaa hicho kilipitia angalau serikali moja ya kikoloni na, kwa uwezekano mkubwa, serikali kadhaa za Uganda huru kabla ya kufika juu ya kabati la babu.

Kilifikaje hapo? Kwa kuwa zilikuwa simu za kukodi, kila simu iliyobaki nyumbani kwa mtu ina kisa chake. Huenda babu aliajiriwa na posta, huenda ofisi yake ilifungwa na vitu vikagawanywa, huenda aliinunua vifaa vya zamani vilipouzwa. Waulize wazee wa ukoo na majirani wa Walukuba wa rika lake wakati bado wapo, uandike jina la kila aliyekueleza na tarehe aliyokueleza. Tafuta pia katika makaratasi yake barua ya kazi, kitambulisho, stakabadhi ya malipo ya simu, au picha yoyote ambayo simu hiyo inaonekana kwa mbali. Naweka mkazo hapa kwa sababu simu nyeusi za mfululizo huu zilitengenezwa kwa wingi mno na bado zipo nyingi Uingereza, ilhali simu yenye alama ya E.A.P. & T., karatasi ya JINJA na maelezo yaliyoandikwa ya mtu aliyeitumia ni kitu ambacho hakipatikani kwa kuagiza.

Kuhusu ile karatasi ya katikati ya diski, nitakueleza jambo linaloniuma mpaka leo. Miaka iliyopita nilimwachia fundi mmoja simu ya familia yetu aisafishe, akairudisha iking'aa kama kiatu cha askari, na karatasi yenye jina la kituo na namba ya nyumba yetu akawa ameitupa kwa sababu aliiona chafu. Nilikuwa mdogo niliposikia namba ile ikitajwa kwa opereta, na sasa hakuna aliye hai anayeikumbuka. Kwa hiyo ipige karatasi yako picha leo, kwanza kwenye mwanga wa dirisha, kisha kwa tochi iliyolazwa ubavuni, maana mwanga wa pembeni huonyesha alama ya kalamu ambayo macho hayaioni. Usijaribu kuikoleza kwa wino.

Hata diski yenye tarakimu tupu ina la kusema. Katika London na miji mingine michache mikubwa ya Uingereza, jina la kituo cha simu lilikuwa sehemu ya namba, hivyo mpigaji alizungusha herufi za kwanza za jina hilo kabla ya tarakimu, na diski za huko zilihitaji herufi. Jinja haikuhitaji mambo hayo. Diski yako inalingana na mahali ilipotumika, na mnunuzi anayejua kazi yake atalitambua hilo mara moja.

Mwili wake, kwa jinsi unavyoueleza, ni wa bakeliti, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kwa kemikali tupu, ambayo Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, aliivumbua mwaka 1907. Ukitaka kuhakikisha, sugua sehemu ya chini isiyoonekana kwa kidole gumba mpaka ipate joto, kisha inuse. Bakeliti hutoa harufu kali ya dawa, kama ya hospitali za zamani. Wapo watakaokushauri uichome kwa sindano ya moto. Usikubali, kwani tundu hilo halizibiki. Uzito nao ni ushahidi, kwa sababu simu za kuigiza zinazouzwa siku hizi kama mapambo ni nyepesi, zina bodi ya kielektroniki ndani, na mara nyingine kile kinachoonekana kuwa diski ni vitufe vya kubonyeza vilivyopangwa mviringo. Waya wa uzi wa kahawia unalingana na mwaka 1955. Baadaye nyingi ziliwekewa waya wa plastiki uliojiviringa, na wakusanyaji huulizia sana kama waya wa awali bado upo.

Hapo ndipo tunaingia kwenye bei, na nitasema waziwazi kwamba binamu yako amezidisha na mnunuzi amepunguza. Mamilioni huenda yanatajwa kwa simu za rangi. Mfululizo huu ulitolewa pia kwa rangi ya pembe ya ndovu, nyekundu na kijani, kwa plastiki ya aina nyingine kwa kuwa bakeliti haikubali rangi angavu, na zile za kijani ndizo adimu na ghali kuliko zote. Simu nyeusi ambayo haijakarabatiwa huuzwa Uingereza kwa makumi ya pauni, na ile iliyokarabatiwa vizuri na inayofanya kazi huweza kuvuka pauni 100. Kwa shilingi zetu hata bei ya chini huwa ni laki moja na zaidi, na mara nyingi laki kadhaa, kwa hiyo 60,000 ni bei ya mtu anayetegemea kwamba hujui. Lakini kumbuka pia kwamba simu hiyo ina zaidi ya kilo mbili, kwamba bakeliti huvunjika kama kigae ikianguka, na kwamba gharama ya kuifunga na kuisafirisha hadi Ulaya yaweza kumeza sehemu kubwa ya faida. Kama utauza, afadhali umtafute mnunuzi aliye Afrika Mashariki, mwenye hoteli ya kihistoria, mkusanyaji, au mtu aliyewahi kufanya kazi katika posta, ambaye alama ya E.A.P. & T. itamgusa moyo.

Unapolinganisha bei kwenye minada ya intaneti, usitazame bei ambazo wauzaji wameziandika, kwa kuwa mtu aweza kuandika anachotaka. Tazama zile ambazo mnada umekwisha na kitu kikauzwa kweli. Linganisha simu ya aina moja, rangi moja na hali moja. Angalia ufa, hasa kwenye pembe za mwili na katikati ya mkonga, kwa sababu ufa mmoja hushusha bei kuliko vumbi la miaka 50. Jumuiya ya wapenzi wa simu za kale ya Uingereza, inayoitwa Telecommunications Heritage Group, ina wanachama wanaozijua simu hizi skrubu kwa skrubu, na picha nne zilizo wazi, ya mbele, ya chini, ya ndani ya mkonga na ya diski, zinatosha kuanzia mazungumzo nao.

Kuisafisha hakukatazwi, kuiharibu ndiko kunakokatazwa. Tumia kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji yenye sabuni hafifu, ukakamue mpaka kisidondoke, ufute na kukausha papo hapo. Usiiloweke, usitumie dawa ya kung'arishia viatu, msasa wala dawa ya kufulia nguo nyeupe. Vumbi la bakeliti kuukuu halifai kuvutwa pumzi, kwani baadhi yake ilichanganywa na asbesto. Ule waya wa uzi usiufue kabisa. Na simu isikae juani, maana jua ndilo linalogeuza weusi wa bakeliti kuwa kahawia iliyopauka.

Je, itafanya kazi? Uwezekano ni mkubwa, kwa sababu ndani yake hakuna kitu cha ajabu. Unapozungusha 5 na kuachia, diski inaporudi hukata mkondo wa umeme mara tano, kwa kasi ya karibu mara 10 kwa sekunde, na sifuri hukata mara 10. Mashine zilizohesabu mikato hiyo zinatokana na uvumbuzi wa Almon Strowger, Mmarekani mwenye biashara ya mazishi, aliyepewa hataza mwaka 1891. Shida ni kwamba vifaa vingi vya simu vya leo havielewi mikato hiyo, bali husikiliza milio ya vitufe. Mara nyingi simu ya zamani huweza kupokea tu bila kupiga, isipokuwa ikiwekewa kigeuzi kidogo kinachobadilisha mikato kuwa milio. Kama sauti yako haisikiki upande wa pili, gonga mkonga polepole kwenye kiganja, kwa kuwa kipaza sauti chake kimejaa chembe za kaboni ambazo hushikamana zikikaa muda mrefu. Tafadhali mwambie kila aliye nyumbani kwamba simu hiyo isichomekwe kamwe kwenye umeme wa ukutani. Laini ya simu ilitumia mkondo wa volti 50 hivi, na volti 240 zitaiunguza, na huenda zikamuunguza aliyeishika.

SWALI

Mheshimiwa Mhariri,

Marehemu baba alifanya kazi katika reli, na ametuachia kisanduku cha mbao cha ukutani chenye kengele mbili juu, mkonga pembeni na mpini wa kukoroga, lakini hakina diski. Kwenye mbao kumegongwa K.U.R. & H. Je, ni simu ya kabla ya uhuru? Na je, ni salama watoto kukichezea?

Msomaji, Tororo

JIBU

Ndugu wa Tororo, ni ya kabla ya uhuru, tena kwa miaka mingi. Herufi hizo ni za Reli na Bandari za Kenya na Uganda, jina lililokoma mwaka 1948 reli hiyo ilipounganishwa na ile ya Tanganyika na kuwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Kisanduku chako kilipigwa alama kabla ya hapo, na huenda kiliona treni zikipita Tororo wakati njia ya kwenda Kampala, iliyofika huko mwaka 1931, ilikuwa bado mpya.

Mpini unazungusha jenereta ndogo yenye sumaku, ambayo ndiyo iliyopiga kengele kwa mtu wa upande wa pili. Umeme wa mazungumzo ulitoka kwenye betri mbili kavu zilizowekwa ndani ya kisanduku. Fungua mlango wake uone kama zimo. Kama zimevuja, zitoe ukiwa umevaa glavu, kwa sababu maji yake hula mbao na shaba. Watoto wasichezee mpini huo, kwani ukizungushwa kwa nguvu hutoa umeme wa volti 75 na zaidi, wa kutosha kumrusha mtoto aliyeshika vichwa vya nyaya.

Usikiuze kabla ya kuwaonyesha watu wa Makumbusho ya Reli ya Jinja. Siyo mbali na kwako, na hata kama utaamua kubaki nacho, watakusaidia kukisoma vizuri. Makumbusho ya Uganda yaliyopo Barabara ya Kira, Kampala, nayo ni mahali pa kuuliza, hasa kama unafikiria kukipeleka nje ya nchi. Unapokwenda, chukua pia barua za kazi za marehemu na picha yake akiwa amevaa sare, kama zipo, kwa sababu jambo la kwanza utakaloulizwa ni stesheni aliyofanyia kazi.